Siku Baba Alipokwenda Kuiona Mbwaa

Kwenye gati la Mokowe, baba yangu alisimama na kukataa kupanda mashua. Hakusema kitu. Aliikita fimbo yake chini, akayatazama maji yaliyokuwa yakigonga ukuta, akabaki hapo hapo. Abiria wengine walikuwa wameshaketi. Kina mama wamepakata vikapu vyao, mtoto mmoja amemkumbatia jogoo aliyefungwa miguu. Kijana wa mashua akamnyoshea mkono: "Ndoo, mzee, usiche." Baba akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, ili mume wangu asisikie:

"Maji haya yanakwenda au yanarudi?"

Nikamwambia sijui. Nina miaka kumi na sita pwani, nimeolewa na kuzaa pwani, na sikujua. Mume wangu, ambaye Kimeru chake ni cha salamu tu, alikuwa ameshafahamu kinachoulizwa kwa kuyafuata macho ya mzee. "Yanajaa, baba," akasema. Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kuridhisha, akaushika mkono wa yule kijana, akapanda.

Mimi ni mzaliwa wa Kianjai. Kwa msomaji asiyepajua, ukitoka mji wa Meru ukaishika barabara ya Maua, utapita Nchiru, palipo na makao ya wazee wa Njuri Ncheke, kisha utafika kwetu. Ni soko lililo kando ya barabara, katika Tigania Magharibi, na milima ya Nyambene iko mbele yako. Siku ya soko utakuta ndizi, maharagwe, mbuzi na kelele. Bahari hutaikuta. Watu wa umri wa baba yangu wengi wao wamezaliwa, wakalima, wakasomesha watoto na kuzikwa bila kuiona.

Niliposilimu na kuolewa na mtu wa Lamu, baba, ambaye ni mzee wa kanisa, hakunifukuza wala hakunilaani, kama walivyofanyiwa baadhi ya wenzangu ninaowajua. Alisema neno moja tu: "Basi unarudi Mbwaa." Kisha akanyanyuka kwenda kuwafungia mbuzi. Neno lile nililibeba miaka yote hiyo. Sikumweleza mume wangu maana yake mpaka tulipopata mtoto wa pili, nami nikamweleza nikicheka, ili lisimwume.

Kila mtoto wa Kimeru aliyekaa na wazee amesikia habari za Mbwaa. Husimuliwa kuwa mababu waliishi katika kisiwa kidogo, na maji yaliyokizunguka yalikuwa na tabia ya ajabu, kwamba yalikwenda kisha yakarudi. Wakaja watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune. (Nguo kwa Kimeru ni hiyo hiyo nguo, ntune ni nyekundu.) Watu hao wakawatia mababu utumwani, na baadaye wakaanza kuwapa mitihani isiyowezekana, ili wapate sababu ya kuwaangamiza. Leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali, ambayo ina manyoya huku na huku, wakakipeleka kiatu. Leteni mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe za mnyama mdogo wa porini kwa ulimbo. Leteni ndama anayetoa kinyesi cheupe. Hilo nalo wakalipatia hila. Mwishowe wakaambiwa watengeneze mkuki mrefu wa kufika mawinguni, na hapo wakajua kuwa hila zimekwisha. Kiongozi wao, ambaye wengi humwita Koomenjoe, akawatoa usiku, akayapiga maji kwa fimbo yake, wakavuka. Waliovuka katika giza wakaitwa njiru, yaani weusi; waliovuka kunapambazuka wakaitwa ntune, wekundu; waliovuka jua limekwisha chomoza wakaitwa njeru, weupe. Hadi leo koo za Wameru hujigawa hivyo. Sisi ni njiru.

Najua msomaji ameshamkumbuka Nabii Musa, alayhi salaam. Nami mara ya kwanza niliposomeshwa kisa chake na Firauni katika Suratu Shu'araa, nilishindwa kujizuia, nikamwambia mwalimu wangu wa madrasa, "Hiki nakijua." Akaniangalia kwa mshangao. Wapo wataalamu wasemao kuwa mafunzo ya wamisheni yaliingia ndani ya simulizi yetu na kuitia rangi, na huenda ni kweli. Lakini yale maji yanayokwenda na kurudi hayakutoka kwa mmisheni. Watu waliokaa chini ya Nyambene vizazi na vizazi, mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, wameihifadhi habari ya kupwa na kujaa bila kuwa na majina ya kuiita.

Mmarekani mmoja mwanahistoria, Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa Meru na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, aliitafuta Mbwaa hiyo katika ramani akaiona kisiwani Manda, mkabala wa mji wa Lamu. Uhamaji wenyewe hukadiriwa kuwa ulitukia karibu mwaka 1700. Wapo Wameru wasomi wanaompinga, na wengine huipeleka Mbwaa hadi Misri. Mimi si mwanahistoria. Nilichokijua ni kwamba kutoka kwenye baraza ya wakwe zangu, mtaa wa Langoni, Manda inaonekana kila asubuhi, na kwamba baba yangu amefika miaka themanini na mmoja. Disemba iliyopita, shule zilipofungwa, mume wangu ndiye aliyesema: "Mwite mzee aje akione hicho kisiwa chake."

Safari yenyewe ni ndefu kwa mwenye umri ule. Kianjai hadi Meru kwa matatu, Meru hadi Nairobi kwa basi, Nairobi hadi Mombasa kwa reli mpya, akalala kwetu siku mbili kupumzisha miguu. Kisha Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, Mokowe. Aliyepita njia hiyo zamani, ya mchanga na matope, atashukuru kwa lami ya sasa. Mwenye uwezo huenda kwa ndege, na kiwanja cha ndege cha Lamu kiko Manda yenyewe. Abiria hushukia Manda, kisha huvushwa kwa mashua. Nilimwambia baba jambo hilo njiani. Akasema, "Kwa hiyo wageni wote wa mkweo hushukia kwetu kwanza."

Mji wa Lamu sitauelezea sana, maana wasomaji wengi wa jarida hili wana ndugu huko. Ngome, msikiti wa Riyadha, milango ya kuchongwa, vichochoro visivyopitisha gari, punda. Hayo yote baba aliyaona kwa siku mbili. Kilichomshangaza hasa ni punda, kwa sababu kwetu punda hubeba maji na magunia, na hapa alimwona amebeba bwana mzima mwenye kanzu nyeupe na simu sikioni. Kitu kingine kilichomgusa ni kusikia kwamba maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Aliomba aelezwe mara mbili. Mvua huingia mchangani, mchanga huishika, watu huchimba visima wakanywa. Kwetu Tigania ya chini mama hutembea na mtungi, kwa hiyo habari ya maji haimpiti mzee wa Kianjai. Akauliza, "Na kule ng'ambo, Manda, kuna mchanga kama huu?" Mama mkwe wangu akamjibu kuwa Manda haina maji ya kutegemewa, na kwamba ndiyo maana ukubwa wote ule umekaa karibu mtupu.

Hapo ndipo palipo na mji wa Takwa.

Kwenda Takwa ni kuomba ruhusa ya bahari. Mahame hayo yako upande wa kusini mashariki wa Manda, na njia ya mashua hupita ndani ya mkono wa bahari unaokaribia kukikata kisiwa vipande viwili, katikati ya mikoko. Maji yakiwa yamepwa, njia hakuna. Ni tope na kaa. Kwa hiyo nahodha hakutuuliza tunataka kwenda saa ngapi. Alituuliza mwezi ni wa ngapi. Ilikuwa mwezi kumi, na hesabu yake ilikuwa hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndizo siku za bamvua, na katika bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, katikati ya asubuhi yamekauka. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa muda usiofika saa nzima. Basi ukifika mwezi kumi au kumi na moja, maji hujaa karibu na adhuhuri. Si maji makubwa, lakini yanatosha mashua ndogo. Binti yangu, aliye darasa la saba, alishangaa kuwa ile kalenda ya Kiislamu tuliyoitundika jikoni, ambayo yeye huitazama Shaabani na Ramadhani tu, humwambia mtu saa ya kuingia baharini. Nami nilishangaa pamoja naye, ingawa nilijikaza nisionyeshe.

Tulitoka Lamu kiasi cha saa nne na nusu ya asubuhi. Tulikuwa mimi, mume wangu, watoto wawili, wifi yangu na baba. Kaskazi ilikuwa ikivuma kwa upole. Mashua ilipoiacha njia kubwa na kuingia katika mikoko, nahodha aliizima injini, akashika pondo. Sauti ikawa ni ya pondo kuingia majini na kutoka, na ya matone. Kijana wangu mdogo alikuwa akihesabu kaa waliokuwa wakipanda mizizi ya mikoko. Alifika mia moja na ishirini, akachoka. Baba alikuwa amekaa mbele, fimbo baina ya magoti, kofia mkononi. Hakusema neno mpaka tulipofika.

Takwa ilikaliwa takriban kutoka mwaka 1500 hadi mwaka 1700. Ni mji mdogo uliozungukwa na ukuta, na magofu ya nyumba za mawe ya matumbawe bado yamesimama chini ya mibuyu. Nyumba zilijengwa zikielekea kaskazini, upande wa kibla. Msikiti wa Ijumaa uko katikati, na juu ya ukuta wake wa kibla umesimama mnara mmoja mnene, jambo ambalo sijaliona kwenye msikiti mwengine niliowahi kuuingia. Nje ya ukuta wa mji, kaskazini, kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, sawa na 1683 kwa hesabu ya miladi. Watu wa Shela hujihesabu kuwa ni wazao wa Takwa, na wamekuwa wakivuka kuja kwenye kaburi hilo kuomba dua ya mvua. Masheikh wana maneno yao juu ya hilo, nami sitayaingilia.

Kwa nini mji ulihamwa? Sababu inayotajwa zaidi ni maji. Visima viligeuka chumvi. Watu wakafunga vyombo vyao, wakavuka kwenda Shela, palipo na mchanga unaoshika mvua.

Mlinzi wa mahali hapo, kijana mpole, ndiye aliyetueleza hilo tukiwa kando ya kisima cha msikiti. Nilimfasiria baba. Akanyamaza kidogo, akachungulia ndani ya kisima. "Mwaka gani umesema?"

"Karibu elfu moja na mia saba, baba."

"Na sisi?"

"Wanasema pia karibu elfu moja na mia saba."

Aliisogeza fimbo yake kutoka mkono mmoja hadi mwengine. "Kwa hiyo wote waliondoka," akasema. "Waliotufunga na sisi tuliofungwa."

Nilitaka kumwambia kuwa hilo hatulijui. Kwamba Takwa ni upande huu na Mbwaa ya Fadiman ni upande mwengine wa kisiwa. Kwamba Manda ina miji mingine, mmoja wao, ule wa kaskazini, ulikuwepo tangu karne ya 9 na mchimbaji Neville Chittick alikuta humo vyombo vilivyotoka Uajemi na Uchina. Kwamba wale wa nguo nyekundu simulizi haitaji dini yao wala kabila lao, inataja rangi ya nguo tu. Hayo nilikuwa nimeyapanga kichwani tangu Mombasa. Sikuyasema. Jambo ambalo sikuweza kulikwepa ni kuwa wanahistoria wengi wamewafasiri Nguo Ntune kuwa ni Waarabu au watu wa mwambao, na kwamba utumwa katika pwani yetu haukuwa simulizi. Katika karne ya 19 mashamba ya bara, mkabala wa visiwa hivi, yalilimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika mwambao wa Kenya mpaka mwaka 1907. Wazee waliozaliwa kabla ya mwaka huo wengine tumewakuta hai. Nyumbani kwetu hatukuwahi kulizungumza hilo mbele ya watoto. Tulikuwa tukisema watajua wakikua.

Adhuhuri ilipoingia tulisali pale pale, ndani ya msikiti usio na paa, tukakusanya na kupunguza kama wasafiri. Baba alivua viatu kabla ya kuingia, ingawa hakuna aliyemwambia na ingawa sakafu ni ya vumbi na majani makavu. Akakaa pembeni juu ya jiwe. Tulipomaliza, alimuuliza mume wangu kwa Kiswahili, "Hapa mnaelekea wapi?"

"Makka, baba. Kaskazini."

"Wazee wetu walielekea Kirimara," akasema, akimaanisha Mlima Kenya, kisha akanyosha fimbo kuutafuta upande wake. Mume wangu akamwelekeza, magharibi, penye mibuyu miwili. Wakasimama pamoja wakiangalia mibuyu kana kwamba mlima uko nyuma yake. Na kwa kweli, uko.

Ni hapo binti yangu alipouliza. Alikuwa amesikia yote ya kisimani, maana masikio ya msichana wa miaka kumi na mitatu hayana mlango. "Babu, sasa mimi ni nani? Mimi ni wa wale waliokimbia au ni wa nguo nyekundu?"

Wifi yangu alitazama chini. Mume wangu alianza kusema kitu, akaacha. Nilimwona baba akifikiri, na nikaogopa, kwa sababu mzee yule hajawahi kusema jambo ili kumfurahisha mtu, na neno lake la miaka kumi na sita nyuma lilikuwa bado liko kifuani mwangu.

"Ukoo wetu ulivuka usiku," akamwambia, "hawakukiona kisiwa walichotoka. Hata wazee walionisimulia hawakuwa na la kueleza, ni giza na maji tu. Wewe umekuja mchana. Zunguka uone vizuri, ukirudi uniambie kuna nini."

Binti akaondoka na mdogo wake wakifuata njia inayopita katikati ya magofu hadi kwenye vilima vya mchanga na bahari kuu. Walikaa huko muda mrefu. Tulisikia sauti zao zikiletwa na upepo. Baba hakurudia suala lile, wala mimi sikulifasiri. Alipobaki peke yake na mume wangu alimuuliza bei ya mbuzi Lamu.

Watoto walipotokea, wamelowa hadi viunoni, nahodha alikuwa ameshaita mara mbili. Tulikuwa tumechelewa. Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, na mizizi ya mikoko ilikuwa imeonyesha mstari mpya wa unyevu. Hatukufika nusu ya njia kabla mashua haijagusa tope. Nahodha akateremka, mume wangu akateremka, kijana wangu akateremka kwa furaha kubwa, wakasukuma. Mashua ikasogea hatua chache, ikakaa tena. Wifi yangu akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Ndipo baba akainuka mbele ya mashua, akayapiga maji kwa fimbo yake, pa!, mara moja.

Hakuna kilichotokea, bila shaka. "Koomenjoe alikuwa na fimbo bora zaidi," akasema, akaketi. Nilipomfasiria nahodha, alicheka mpaka akaliachia pondo. Tukatoka baada ya robo saa, wanaume wakiwa matope matupu.

Siku iliyofuata tulirudi Manda, safari hii upande wa Ras Kitau, unaotazamana na Shela, kwa ajili ya kuogelea. Hapa nina neno kwa kina mama. Wengi wetu tunakaa pwani na hatuogi bahari, ama kwa haya ama kwa sababu kila ufuo una macho. Asubuhi ya siku isiyo ya mapumziko, upande huo wa Manda huwa umetulia. Sisi tulimwomba nahodha atushushe mbali na nyumba za wageni, yeye na mume wangu wakakaa na mashua upande wa pili wa kijipembe, nasi tukaingia majini na madira yetu, mimi, wifi yangu na binti yangu. Dira jepesi lisilonata mwilini likilowa ni bora kuliko kanga, ambayo hufunguka. Maji ni safi, na kaskazi ikiwa tulivu mtu huona vidole vya miguu yake. Wifi yangu, mzaliwa wa Lamu, mwenye miaka thelathini na nne, alielea juu ya maji siku hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alifundishwa na binti yangu, ambaye naye alifundishwa shuleni Mombasa.

Baba hakuingia majini. Alikunja suruali, akasimama penye maji ya kufika vifundoni, akachota kidogo kwa kiganja, akaonja, akatema. "Ni kweli," akasema, na sikumuuliza ni nini kilichokuwa kweli.

Kwa familia itakayopenda kufuata njia yetu, yako mambo machache niliyojifunza kwa kukosea. Patana na nahodha bei ya mashua nzima, si ya kichwa kimoja kimoja, na iwe kabla ya kupanda. Uliza kama ana majaketi ya kuokolea ya watoto, na umwombe ayaonyeshe kwa macho. Beba maji ya kunywa kutoka Lamu, mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu za Takwa zilizotajwa. Mahame yanaangaliwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kuna ada ya kuingia, hivyo uwe nayo mkononi. Watoto wasipande juu ya kuta. Mawe ya matumbawe hukatika. Kombe zenye mnyama hai ndani yake ziachwe zilipo. Miezi ya kusi, kuanzia Aprili au Mei hivi, bahari huchafuka, kwa hiyo Disemba hadi Machi ni bora kwa wenye wazee na wadogo. Na zaidi ya yote, nahodha akikuita mara ya kwanza, nenda.

Usiku wa mwisho, barazani Langoni, binti yangu alimpa babu yake ripoti aliyoombwa. Alikuwa ameiandika katika daftari la shule, kurasa nne. Milango mingapi imebaki imesimama. Ufuo wa bahari kuu una mawimbi makubwa na hakuna mtu. Kuna mbuyu ambao watu watano hawauzungushi kwa mikono. Aliona kaa, ndege weupe wenye shingo ndefu, nyayo za mnyama asiyemjua. Kisimani maji yako mbali na yana harufu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaomba daftari. Hasomi vizuri siku hizi kwa sababu ya macho, lakini alizikata zile kurasa nne taratibu, akazikunja, akazitia ndani ya kofia yake.

Mama mkwe alimfungia mkate wa mofa na samaki mkavu wa kupeleka Kianjai. Samaki alinuka ndani ya basi hadi Nairobi, na baba hakujali. Ndugu zangu wameniambia kuwa Jumapili baada ya ibada huketi na wenzake kando ya soko, hutoa kurasa zile kofiani, humpa mjukuu yeyote aliye karibu azisome kwa sauti, naye husahihisha.

Nami hunipigia simu. Zamani alikuwa akipiga kwa Idi na kwa Krismasi, na mazungumzo yalikuwa mafupi. Sasa hupiga siku yoyote, mara nyingine asubuhi mapema nikiwa jikoni, na hulitanguliza suali moja kabla ya salamu. Huangalia ile kalenda ya ukutani kabla sijamjibu. "Mwezi saba, baba," nilimwambia juzi. "Asubuhi hii yanajaa."